Toyota RAV4 ya injini ya lita 2.4: Dodoma hadi Dar kwa tenki moja?

Mkuu, umeuliza kama RAV4 yako inayokwenda km 7 kwa lita itafika Dar bila kujaza njiani. Kwa hali hiyo haifiki: tenki la lita 60 mara 7 ni km 420, na safari ni kama 450.

Ila hiyo 7 ihakiki kwanza, geji ni muongo. Jaza mpaka bomba likate lenyewe, usiongeze. Rudisha tripu sifuri, tembea, kisha jaza tena pampu ileile. Gawa km kwa lita ulizojaza: mfano, km 319 kwa lita 29 ni km 11 kwa lita. Ukienda 80 hadi 90 barabara kuu, gari nzima inagusa 10.

Ikibaki 7, toa chujio la hewa ulikague. Kwa vumbi letu hili huziba mapema. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa namba za kibandiko cha mlango wa dereva. Kinachosahaulika ni themostati, yaani vali inayoongoza maji ya kupoza injini. Ikigoma ikiwa wazi, injini haipati joto, kompyuta inazidi kumwaga mafuta kama vile ndiyo kwanza umewasha. Utaona mshale wa joto unashuka ukikimbia. Ringi moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki hapo inabana. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa egzosi, usinunue kabla fundi hajapima kwa mashine.