Jeraha la shingo, usilifunue uone

Nilikuwa tabibu kijana kwenye kituo cha afya upande wa Sengerema waliponiletea mvuvi aliyechomwa kisu cha kupasulia sangara. Ugomvi wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, hela ya mafuta ya injini. Mwenzake alishakichomoa kisu kwa huruma, kisha akalikandamiza jeraha kwa fulana, na damu ikatulia. Mimi na usomi wangu nikafunua nione. Bonge la damu lililoziba likang'oka na fulana, damu ikaruka hadi kwenye koti langu.

Nikatia vidole viwili palepale, nikabana. Sikuvitoa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Daraja halikuwepo, kivuko kilikuwa ng'ambo Kigongo, tukakingoja Busisi, mimi nimepiga magoti nyuma ya gari, vidole vimekufa ganzi.

Basi nisikilize. Kisu kikiwa bado kimo, kiache, mara nyingi ndicho kizibo. Kikiwa kimetoka, bana kwa vidole pale hasa damu inapotokea, maana ukirundika vitambaa unaificha tu. Usizungushe kitambaa shingoni, utamnyonga. Mlaze chali, kwa sababu akikaa, mshipa uliokatwa unaweza kuvuta hewa ikaenda moyoni. Ila kama damu inamjaa mdomoni na akilala anapaliwa, mwache akae ameinama mbele. Maji asipewe hata akililia, huenda umio, njia ya chakula, umetoboka. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ndugu wataifuatilia. Mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza.

Tundu dogo lisikudanganye, wala usilichokonoe. Madaktari wa upasuaji huangalia kama jeraha limepita platisma, msuli mwembamba ulio chini ya ngozi. Likiwa limepita, na damu inaruka, uvimbe unakua au jeraha linatoa mapovu ya hewa, wanaingia chumba cha upasuaji moja kwa moja. Asiye na dalili hizo hupigwa kwanza picha ya CT ya mishipa. Zamani walifungua karibu kila shingo, na nyingi wakakuta ndani hamna kitu.

Yule mvuvi hawakumkata palepale. Daktari alipitisha katheta ya mkojo, mpira wa kutolea mkojo wenye puto nchani, kwenye tundu, akajaza puto lake maji, damu ikakoma, ndipo akaniambia nitoe vidole na wao wakaandaa chumba. Nikabaki naitazama ile katheta. Kule kituoni tulikuwa nazo boksi zima.