Jeki ya mabomba ya sindano: ijaribuni kabla ya kukata mbao

Kwenye mradi wa haidroliki, yaani kunyanyua mzigo kwa msukumo wa maji, wengi hukimbilia kutengeneza mkono na jukwaa, halafu siku ya kupima mzigo haunyanyuki. Anzeni na maji.

Tafuteni bomba la sindano la mililita 10 na la 50, mapya, bila sindano, pamoja na mpira wa dripu wa sentimita 40 hivi. La 50 liwe na ncha nyembamba. Lile la kulishia wagonjwa lina ncha nene, mpira hauingii. Mpira ukikataa, uchovyeni kwenye maji moto nusu dakika ulainike.

Jazeni ndani ya beseni: dogo lijae, pistoni ya kubwa iwe imesukumwa hadi mwisho, muunganishe vyote vikiwa majini. Mkijaza yote mawili hakuna kitakachosogea. Kisha zuieni pistoni kubwa kwa kiganja na msukume ndogo. Ikigoma, sawa. Ikidunda kama springi, kuna hewa: elekezeni ncha juu, gongeni kwa ukucha, povu litoke. Rangi kidogo ya chakula husaidia kuliona.

Pimeni kipenyo cha ndani, msikisie. Kikiwa milimita 15 na 30, eneo la kubwa ni mara 4: nguvu inazidi mara 4, lakini dogo likienda sentimita 4, kubwa linapanda 1 tu. Ndiyo maana mkono unaohitaji mwendo mrefu hutumia mabomba yanayolingana. Wekeni kilo 2 juu ya kubwa, kisha kandamizeni dogo juu ya mizani ya jikoni, pistoni ikiangalia chini. Hesabu inasema nusu kilo. Kinachozidi mzigo unapoanza kupanda ni msuguano wa mipira ya pistoni. Msipake mafuta ya mgando ya ngozi, yanaweza kuvimbisha mpira. Ya silikoni yanafaa.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kukaza bomba kwenye mbao lisicheze. Mkono unapopanda huchora tao, pistoni inasukumwa kwa ubavu, inapinda na kuvuja. Bomba lizunguke kwenye msumari nyuma, na kichwa cha pistoni kizunguke kwenye mkono.

Wanaotaka nyumatiki, yaani kutumia hewa badala ya maji, waache hewa ndani, ila wajue mililita 20 zikibanwa hadi 10 presha huwa mara mbili, na mzigo huruka ghafla msuguano ukishindwa. Hiyo itumieni kwenye koleo la kushikia, si kwenye jukwaa.