Binti yangu anaficha makosa yake chini ya godoro

"Shikamoo Shangazi. Binti yangu wa miaka 11 ameingia fainali ya mashindano ya tahajia ya Kiingereza, yale ya kutaja neno herufi kwa herufi mbele za watu. Baba yake humwamsha alfajiri akariri orodha ya maneno, na neno akilikosea analiandika mara hamsini. Siku hizi daftari likifunguliwa tu, tumbo linamuuma. Juzi nikakuta karatasi zenye makosa kazificha chini ya godoro. Mume wangu anasema namdekeza mtoto. Nimtoe? – Mama Njia Panda"

Marahaba, mwanangu. Tumbo halijanishtua sana, maana hata watu wazima huumwa tumbo kabla ya kusimama mbele za watu. Karatasi ndizo zimenishtua. Mtoto anayeficha makosa hawezi kusaidiwa kuyarekebisha. Mwambie mumeo hivyo hivyo. Mtu anayetaka ushindi atalielewa hilo upesi kuliko nasaha za huruma.

Usimtoe bado. Muulize mwenyewe, baba yake akiwa hayupo: "Baba asingejua lolote kuhusu mashindano haya, ungekwenda?" Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu. Wapo watoto wanaoyapenda maneno kwelikweli, na kumtoa mtoto wa namna hiyo ni kumwonea. Akisema hataki, basi, yaishe.

Akitaka kuendelea, hayo ya alfajiri yakome, kwani usingizi ndio unaotunza alichokariri. Na hizo mara hamsini ni adhabu tu, si kujifunza. Alitazame neno, alifunike, alitaje herufi kwa herufi, alifunue ajisahihishe, kisha alirudie kesho na tena baada ya siku kadhaa. Baba amsomee maneno, sawa, ila saa ya kufunga daftari aipange binti. Tena mzoesheni kuuliza: kwa kawaida mshiriki anaruhusiwa kuomba neno lirudiwe, aelezwe maana yake na asili yake, au alisikie ndani ya sentensi. Wengi huanguka kwa haraka tu, neno wanalijua.

Sasa lililo gumu. Katika mashindano makubwa ya Marekani, yaliyoanza mwaka 1925, ukikosea kengele inalia. Mwaka 2019 walitangazwa washindi wanane kwa pamoja kwa sababu waandaaji waliishiwa maneno ya kuwashinda, lakini hiyo ni nadra. Kwa kawaida anabaki mmoja, na wengine wote, wakali kabisa, wanarudi nyumbani kwa kosa moja. Kwa hiyo jiandaeni na mumeo kwa dakika ile binti atakapokosea. Jambo la kwanza atakalofanya ni kuwatafuta kwa macho. Baba yake akiwa ameinamisha kichwa, binti atalikumbuka hilo miaka mingi. Kubalianeni mapema: mtainuka wote wawili, mtampigia makofi, na siku hiyo neno alilokosea halitajwi ndani ya nyumba, hata kwa utani.

Na tumbo hilo likiendelea hata siku ambazo hakuna daftari, mpelekeni kwa daktari.