Printa inavuta karatasi mbilimbili

SWALI: Fundi habari, printa yangu ya leza hapa steshenari inavuta karatasi mbili tatu kwa mpigo, saa nyingine haivuti kabisa inaunguruma tu, shida nini?

JIBU: Nzuri dada. Anza na rola ya kuvutia karatasi, ule mpira ukijaa vumbi unateleza, so zima printa, chomoa waya, toa trei uufute kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukikauka ndo urudishe. Ukiona bado, badilisha rola pamoja na pedi ya kutenganisha karatasi, hiyo ikiisha ndo zinapita mbilimbili. Na rimu usiiache wazi jamani, hasa huko pwani, karatasi zinanyonya unyevu zinashikana! Zipepee kwanza, na ukizipanga usipitishe ile alama ya mwisho wa kujaza kwenye trei.