Farasi anachechemea: jua kwanza anaumia wapi, ndipo ulipie eksirei

Mkuu, umeuliza kama umpakie farasi wako kwenye gari kutoka Usa River akapigwe picha mguu mzima, maana anachechemea mbele. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, huku huku Arusha, na miguu mingi nimeishikilia mbele ya mashine. Usimpakie bado. Picha ya mguu mzima ni kupoteza hela bure.

Mtu amkimbize polepole (mwendo wa matiti) kwenye ardhi ngumu, wewe tazama kichwa. Kinapanda mguu mbovu unapokanyaga, kinashuka ule usiouma unapotua. Kisha shika kwato: kama ina moto na mshipa unadunda kwa nguvu nyuma ya fundo (kiungo kilicho juu ya kwato), daktari aibane kwa koleo la kupimia. Masika yenye tope kama haya, mimi huanza kushuku usaha ndani ya kwato. Humfanya farasi asikanyage kabisa ukadhani kavunjika, na ukitolewa anapata nafuu upesi.

Pasipo usaha, daktari huchoma ganzi kuanzia chini kupanda juu, na kila akichoma farasi anakimbizwa tena. Sindano itakayomfanya aache kuchechemea ndiyo inayoonyesha pa kupiga picha. Wamiliki wengi wa farasi huona huku ni kupoteza muda, lakini mfupa wa farasi mzee haukosi kasoro kwenye picha, na si kila kasoro inauma.

Ila kama hakanyagi kabisa na usaha haupo, ganzi isiguswe. Mfupa wenye ufa unaweza kukatika akiukanyaga bila kusikia maumivu. Hapo eksirei kwanza, na ikitoka safi irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu ufa mwembamba huchelewa kuonekana.

Kama panapouma ni kano (nyuzi zinazoshikiza misuli kwenye mfupa), hiyo ni kazi ya ultrasaundi, si eksirei, na manyoya yanyolewe.

Kabla ya picha ya kwato, kiatu kitoke, uchafu wote uchokolewe, na mifereji ya chini ijazwe ule udongo laini wa kuchezea watoto. Usipoijaza, hewa hutoa mstari mweusi juu ya mfupa, na nimeshuhudia watu wakibishana kama ni ufa.

Sahani ya picha ishikwe kwa mpini mrefu, usikubali kuishika kwa mkono hata bosi akiharakisha. Aproni yenye madini ya risasi inakinga mionzi inayotawanyika, si mwale wenyewe.