Zuu mbili, siku moja: Anti tuamulie

SWALI: Shikamoo Anti. Naomba utuamulie maana nyumbani hapakaliki. Tunataka kuwatoa watoto siku nzima wakaone wanyama, sasa zuu ziko mbili. Moja iko mjini katikati, ndogo, ya zamani, treni inatushusha karibu na geti, kuna jengo la nyoka na mamba, kuna masokwe, pengwini na chuimilia wawili. Ya pili iko nje ya mji mwendo wa saa mbili kwa gari, hiyo ni kubwa mpaka basi, vifaru, twiga, tembo na pundamilia wako kwenye viwanja vya wazi, ila chuimilia hawana. Tiketi bei karibu sawa. Mume wangu anasema kubwa, eti kwa hela ileile tunapata eneo kubwa na wanyama wengi. Nina mtoto wa miaka 4 na wa miaka 11, huyu mkubwa chuimilia ndo amemganda kichwani, na mama mkwe tunaenda naye na magoti yanamsumbua. Twende wapi?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na baba watoto kwa sababu hoja yake ndo watu wengi wangeikubali bila kufikiria. Ukubwa wa zuu unamfaidisha kwanza mnyama, wewe mtazamaji unafaidika au hufaidiki kutegemea umeenda kuangalia nini na umeenda na nani.

Angalia London. Chama cha zuolojia cha pale kilifungua zuu ya mjini, Regent's Park, mwaka 1828, iko kwenye ekari 36 hivi, halafu mwaka 1931 chama hichohicho kikafungua nyingine nje ya mji, Whipsnade, hiyo ina ekari kama 600. San Diego vilevile, ya mjini ilianzishwa 1916 na ina ekari kama 100, ilipofika 1972 wakafungua ya pili mbali na mji, ekari 1,800. Sasa mtu ana zuu tayari anahangaika kufungua nyingine ya nini, si kwa sababu tembo na kifaru na makundi ya wala nyasi wanataka nafasi ambayo mji hauna? London walikaa na tembo mjini miaka na miaka, mwaka 2001 ndo wakawahamishia Whipsnade. Lakini ile ya mjini hawakuifunga, kwa sababu chatu, chura wa sumu, tumbili wadogo, buibui, hao ekari 600 hawana kazi nazo, wanachotaka ni joto lao, unyevu wao na mahali pa kujificha. Kwa hiyo hizo zuu zenu mbili ni vitu viwili tofauti, ukizilinganisha kwa idadi ya wanyama utakuwa kama mtu anayechagua gari kwa kuhesabu viti.

Haya, tuje kwa watu wako mmoja mmoja, na naanza na wa miaka 4 kwa sababu yeye ndo mwenye siku. Mkishafika, saa za kutembea zinapangwa na miguu yake, akichoka mmemaliza wote, hata tembo awe anaoga mbele yenu. Mtoto wa umri huo mnyama wa mbali hana maana kwake, utamwonyesha "kifaru yule pale, chini ya mti, upande wa kushoto wa lile jiwe" naye anaangalia kidole chako. Kwenye viwanja vya wazi mnyama ana uhuru wa kusogea mbali na watu, ndo raha yake na ndo sababu ya kujenga hivyo, ila kwa huyo mdogo ni kama hayupo. Zuu ndogo yenye vioo anaweka pua kwenye kioo na sokwe yuko upande wa pili, hiyo haisahau. (Jiandae pia kwamba anaweza kuacha sokwe akakimbiza njiwa wa bure nusu saa, wengi wanafanya hivyo, usimkatishe.)

Halafu kuna ule mwendo. Saa mbili kwenda saa mbili kurudi ni saa nne za kukaa kwenye gari, na ukishaendesha mbali hivyo unajisikia lazima ule thamani ya tiketi, mtoto analia saa nane mchana bado mnamburuta mkamwone duma. Ya mjini akianza kulia mnatoka, treni hiyo hapo, hakuna aliyepoteza kitu.

Mama mkwe ndo anayenipa shida kidogo maana yeye anavuta upande wa mumeo. Watu wanadhani zuu ndogo ina kutembea kidogo, si lazima, zile za zamani za mjini nyingi zina ngazi, vilima na vinjia vinavyojizungusha, hata ile ya San Diego imejengwa juu ya mabonde, wameweka basi la kuzungusha watu. Zuu kubwa za nje ya mji kwa kawaida wanajua hakuna mtu atakayezimaliza kwa miguu, kwa hiyo wanaweka basi au treni ndogo ya ndani, na kwa mtu mwenye magoti mabovu kukaa kwenye kiti huku twiga wanapita ni raha kuliko kupanda ngazi kufuata jengo la nyoka. Kwa hiyo kabla hujalipa piga simu zote mbili uulize mambo haya: kuna usafiri wa ndani na uko ndani ya bei ya tiketi au unalipiwa pembeni, viti vya magurudumu vinaazimwa pale na vinatakiwa kuwekewa oda mapema, na njia ipi haina ngazi. Wengi wana ramani yenye njia za watu wasiotembea vizuri, ni vile hawakupi mpaka uombe.

Mkubwa wako na chuimilia wake ni rahisi. Chuimilia yuko mjini, basi. Ila muulize ni chuimilia wa aina gani, kama ni wa Sumatra hao ndo wadogo kuliko wote na porini wanakadiriwa kuwa chini ya 600, mwambie hilo kabla hamjafika atamtazama kwa macho mengine. Na mwambie pia chuimilia, tofauti na paka wengi, anapenda maji, kwa hiyo kama kuna bwawa asimame upande wa bwawa, asiende kusongamana na watu kwenye kioo cha mbele. Ukweli ni kwamba huyu wa miaka 11 angefaidi zuu zote mbili, kumtafuta mnyama kwa darubini kwenye uwanja mpana kwa umri wake ni mchezo mzuri, anaanza kuona nani anakaa na nani, dume la swala linawafukuza wenzake vipi, vitu ambavyo kwenye banda dogo huvioni kabisa.

Mimi nasema mara hii nendeni ya mjini. Kama simu itakwambia njia zake ni ngazi tupu na hawana kiti cha magurudumu cha kuazima, hapo tu ndo nitabadili mawazo, kwa sababu bibi mwenye maumivu atakaa kimya asiwaharibie siku na nyie mtajua jioni. Na baba watoto asinune, yeye na mkubwa wachukue darubini siku nyingine waende ile kubwa wawili tu, waondoke alfajiri, watamaliza ekari zao zote bila kigari cha mtoto.

Jambo la mwisho kwako, usipange kuona kila mnyama. Kila mtu achague wanyama wake wawili kabla ya kutoka nyumbani, mnakaa hapo, mnaangalia kweli kweli, wengine ni nyongeza. Watu wengi wanasimama kwenye banda dakika moja, wanapiga picha, wanasonga, halafu wanasema zuu ilikuwa boring. Ukikaa kwa masokwe robo saa bila kugonga kioo na bila kumkodolea macho yule dume (kukodolewa anaona ni uchokozi), utaona mtoto wa sokwe anamsumbua mama yake mpaka ucheke.

SWALI: Anti, kila tukienda zuu simba amelala. Yaani kila mara. Hivi wanawapa dawa au?
Mpenda simba

JIBU: Hapana mpendwa, simba ndivyo alivyo, hata porini analala mpaka saa 20 kwa siku, sasa wewe unaenda saa saba mchana jua kali unategemea nini. Paka wakubwa wanachangamka alfajiri na jioni, na siku ya baridi kidogo kuliko siku ya joto. Ingia geti linapofunguliwa na usianze na banda la kwanza mlangoni, kila mtu anaanza hapo ndo maana kuna foleni, nenda moja kwa moja kwa paka, wengine mtawakuta mkirudi. Mchana wa joto ndo muda wa nyumba za ndani, nyoka, samaki, wadudu. Mamba usimpangie muda, saa zote yuko kama sanamu.

Tafuta na jengo la wanyama wa usiku kama wanalo. Wanageuza taa, usiku wanawasha, mchana wanapunguza inakuwa giza giza, wale popo na komba wanadhani kumekucha kwa upande wao, kwa hiyo wewe ukiingia saa sita mchana ndo wako kazini. Singapore walienda mbali zaidi, mwaka 1994 wakafungua zuu nzima inayotembelewa usiku tu. Na ukifika tu angalia ratiba ya kulisha, hiyo ndo ipange siku yako, maana mnyama anayesubiri chakula halali.

SWALI: Anti samahani kama naharibu sherehe, mi roho inanisuta kumwona mnyama amefungiwa. Nitajuaje zuu ipi ni ya kwenda na ipi ni jela?
Mwenye huruma

JIBU: Huharibu kitu, swali zuri hilo, na wale wanaosema zuu zote ni jela nawaelewa ila sikubaliani nao. Choroa wa Arabuni, yule swala mweupe mwenye pembe ndefu, alikwisha porini mwaka 1972, wa mwisho waliwindwa huko Oman, lakini tangu miaka ya 1960 kulikuwa na kundi linazalishwa kwenye zuu ya Phoenix, Marekani, na mwaka 1982 wakarudishwa jangwani Oman. Kondo wa California, yule tai mkubwa, mwaka 1987 walibaki 27 dunia nzima na wa mwisho waliokuwa porini wakakamatwa wakapelekwa kuzalishwa, 1992 wakaanza kuachiwa tena, leo wanaruka. Bila zuu hao wangekuwa picha kwenye vitabu.

Lakini hiyo haimsafishi kila mwenye geti na tiketi. Kwanza angalia kama ni mwanachama wa chama cha zuu, EAZA kwa Ulaya au AZA kwa Marekani, hawa wanakaguliwa, AZA kwa mfano ithibati yao inafanyiwa upya kila miaka mitano. Pili tumia macho yako. Mnyama ana mahali pa kujificha watu wasimwone? Hii watu wanaikasirikia, "nimelipa sijamwona chui", kumbe ndo dalili nzuri, chui anayeweza kukukwepa ana nafasi yake. Mnyama anayetembea njia ileile kwenda na kurudi mpaka amechimba mfereji, au tembo anayeyumba yumba kichwa saa nzima, hiyo si furaha, na akifanya hivyo hata kama si muda wa kulishwa muulize mhudumu. Zuu nzuri mhudumu atakujibu vizuri, pengine mnyama ni mzee alitoka sehemu mbaya akaja na tabia hiyo. Zuu mbaya atakwambia "anacheza". Na sehemu yoyote inayokupa mtoto wa simba umbebe upige selfi, geuza, hata usinunue maji hapo.

SWALI: Wanangu wanapenda ile sehemu ya kushika mbuzi na sungura. Sanitaiza inatosha au mpaka maji? Na mvua ikinyesha tuahirishe?
Baba pacha

JIBU: Maji ya bomba na sabuni, sanitaiza ni ya dharura tu, wanyama wa kushikwa wanaweza kuwa na vijidudu vya tumbo hata wakiwa wazima kabisa na mikono yenye uchafu sanitaiza haiisafishi vizuri. Wanawe mikono wakitoka hapo, kabla hawajala, na chuchu ya bandia ya mtoto na chupa ya maji visiingie humo ndani kabisa. Mvua ndogo msiahirishe, watu wanapungua na wanyama wengi wanatoka. Ikiwa ni mvua ya radi wanyama wanaingizwa ndani, kwa hiyo hapo ahirisheni, na siku ya kununua tiketi chagua ile inayoruhusu kubadili tarehe.