Kamba, ridhaa, na mji ambamo kila mtu anamjua mwenzake

Wanaoniuliza kuhusu kufungana kamba, mchezo wa kimapenzi wa watu wazima, huanza karibu wote na mafundo. Mafundo hayana shida. Ukilijua vizuri fundo moja la kifundo cha mkono, lile lisilojikaza linapovutwa na linaloacha nafasi ya vidole viwili, una kazi ya miezi. Kwa anayeishi mji mdogo kuna swali gumu zaidi: utamwachia nani mikono yako, na utajuaje kwamba anajua anachofanya kama hakuna wa kumlinganisha naye?

Nazungumza na watu wazima walioridhiana. Asiye kati ya hao, hapa hapamhusu.

Kwanza mwili. Wengi wanaoanza huogopa damu isifike vidoleni. Ni kweli inafaa kuangaliwa, lakini kiganja kikibadilika rangi unakiona, na kwa kawaida ukilegeza kamba kinarudi. Wanaoumia kweli huumia neva, na neva inaweza kuumia pasipo maumivu yoyote. Kuna neva inaitwa radiali: huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu na kusogea karibu na ngozi upande wa nje, kati ya bega na kiwiko. Hapo hapo ndipo zinapopita kamba za kifua za mtindo wa Kijapani, mikono ikiwa imekunjwa mgongoni. Ikibanwa, kiganja kinalegea na hakiinuki. Kupona kunaweza kuchukua siku, wiki au miezi, na wapo ambao nguvu zao hazikurudi zote. Nyingine hupita upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti. Ikibanwa, unatembea ukiburuta vidole vya mguu. Ile ya kiwiko unaijua tayari kama umewahi kukigonga kwenye ukingo wa meza.

Ndiyo maana siamini sana swali la “uko sawa?” Watu hujibu “niko sawa” kwa adabu, kwa kutotaka kuharibu raha, au kwa sababu kweli hawasikii kitu. Mimi huomba kitendo. Kabla ya kamba, mwenzangu anakunja ngumi, anatanua vidole, anainua kiganja kuelekea nyuma huku nikikisukuma kidogo, ili sote tuijue nguvu yake ya kawaida. Akiwa ndani ya kamba tunarudia kila baada ya dakika chache. Nguvu zikipungua, ganzi ikiingia au akisikia kama umeme unapita, kamba inatoka pale pale. Hatumalizii kwanza umbo zuri.

Mkasi uwe jirani, ule wenye ncha butu wanaoutumia wahudumu wa dharura, na uwe umeshaujaribu kwenye kamba yako. Mikasi mingi inayong'aa haikati kitu. Kamba za juti za milimita 6, zenye urefu wa mita 7 au 8, ndizo wengi wetu tunazozitumia, ingawa pamba laini inamtosha kabisa anayeanza. Nailoni huteleza, na ikivutwa haraka inaunguza ngozi. Shingoni hapapiti kamba. Aliyefungwa haachwi peke yake, hata kwa kwenda kufungua mlango. Pombe ibaki nje. Na kuning'inizwa hewani, ambako ndiko picha zote zinakuvutia, kusubiri hadi uwe na mtu wa kukufundisha ana kwa ana.

Mazungumzo yafanyike mkiwa mmekaa, kila mtu na nguo zake. Wapi pa kugusa, wapi hapana, dawa unazotumia, bega lililowahi kuteguka, kisukari, hofu ya kubanwa. Mtu akiwa kambani akili yake hulainika kama aliyelewa, kwa hiyo kitu ambacho hamkukubaliana kabla hakiongezwi katikati, hata akikiomba. Neno la kusimamisha liwe fupi. Akizibwa mdomo, ashike kitu mkononi ambacho akikiachia mnasimama. Na ujue sheria ya unakoishi. Uingereza, katika kesi ya R v Brown ya mwaka 1993, mahakama ya juu ilikataa kuichukua ridhaa kama utetezi wa majeraha yaliyotokana na michezo ya jinsi hii.

Sasa watu. FetLife, mtandao wa kijamii wa wapenda michezo ya jinsi hii uliopo tangu 2008, ndiko wengi wanakoanzia kutafuta walio jirani. Kinachofaa kutafutwa ni kikao cha mgahawani: nguo za kawaida, chai, hakuna kamba. Kama mjini kwako hakipo, safiri mara chache kwa mwaka uende kilipo kuliko kumkubali mtu kwa sababu tu ndiye pekee aliye karibu. Au anzisheni wenyewe. Kundi letu lilianza na watu wanaofunga miguu ya viti na mapaja yao wenyewe. Waliokuja wakitarajia kitu kingine walichoka mapema wakaondoka, nasi hatukuwafuata.

Miji midogo huzaa pia “mwalimu” mmoja ambaye kila mgeni hupitia kwake. Huenda ni mtu mwema. Lakini jihadhari na anayefunga wageni tu, anayekasirika ukitaka kuja na rafiki, au anayesema wa mji wa pili ni wambea. Muulize: mara ya mwisho mtu kuumia mikononi mwako ilikuwaje, na ulifanya nini? Anayenisimulia kwa kirefu namwamini kuliko anayeniambia haijawahi kutokea. Huyo ama hajafunga sana, ama hakupiga simu kesho yake kuuliza. Kisha watafute aliowafunga zamani ambao hawafungi tena.

Pia kubalianeni mapema nani atapokea malalamiko, na asiwe mpenzi wa mwanzilishi. Wawili wakiachana katika kundi la watu wanane, wote huombwa kuchagua upande. Mkikutana barabarani, asiyetaka kujulikana ndiye aanze kusalimia. Picha huombwa ruhusa mara mbili: kabla ya kamba, na tena baadaye mtu akishavaa na akili imetulia.

Kama umefika nyumbani na kiganja hakiinuki, nenda hospitali, usisubiri wiki iishe. Huhitaji kumsimulia daktari maisha yako. Mwambie mkono ulibanwa na kamba, mwonyeshe mahali, mweleze kwa muda gani na dalili zilianza lini.